Mto uliojaa: maji ya magotini yanatosha kukubeba

Mkuu, umeuliza kama mto uliofurika unavukika iwapo maji hayajapita magoti. Usivuke. Unaangalia kina, wakati kinachoangusha ni kasi. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inapanda mara nne. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinatosha kulifanya gari dogo lielee, na 60 hubeba magari mengi, hata yale ya juu. Tena maji ya tope hayakuonyeshi kama barabara iliyo chini yake bado ipo.

Usingoje mvua inyeshe ulipo. Mafuriko ya ghafla mara nyingi huanzia juu, kwako jua likiwaka. Maji maangavu yakigeuka rangi ya udongo, vijiti na majani vikaanza kupita, au ukasikia mngurumo, toka bondeni upande juu hapo hapo. Usikimbie kufuata mto. Yakipungua ghafla huku mvua ikiendelea, shtuka pia: huenda magogo yameziba mahali, na yakizibuka maji yatakuja kwa mkupuo.

Kalvati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, naliogopa kuliko mto wenyewe. Upande maji yanakoingia, juu huonekana yametulia kama dimbwi, kumbe chini yanavutwa bombani kwa nguvu. Mtu anasogea kuondoa takataka kwa mguu, anavutwa, anagandamizwa kwenye nondo za mdomoni mwa bomba. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, kwa hiyo hata wanaume watatu wanaweza kushindwa kumnasua. Zibueni kabla ya msimu. Maji yakishajaa, acheni, na watoto wakae mbali.

Kingo nazo huliwa kwa chini. Juu unaona nyasi, chini ni patupu. Ukiona ufa unaokwenda sambamba na mto, rudi nyuma ya ufa huo mita kadhaa.

Mtu akichukuliwa, usijitose. Mrushie kamba iliyofungwa dumu lenye kifuniko, ndani uache maji kidogo ili lirushike mbali. Kamba usiizungushe kiunoni wala mkononi. Kaa chini, kaza miguu, mwache mkondo umsogeze ukingoni.

Ukianguka wewe, lala chali, miguu itangulie mkondo unakokwenda, vidole vya miguu viwe juu ya maji. Piga mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia kabla hujafika palipo chini ya magoti: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi. Ukiona mti umelala mbele na huwezi kuukwepa, hapo geuka, ogelea kichwa mbele na uupande kwa nguvu zako zote, maana maji hupita kwenye matawi lakini mtu hukwama.

Mvua ikikatika, usirudi mtoni mara moja. Kwenye mto mrefu, kilele cha maji huweza kufika saa nyingi baadaye, hata kesho yake.