Straiki ya tatu isiyodakwa: kanuni hii ina mantiki

Ndugu, nimekuelewa: kwenye mechi ya besiboli mwanao alikosa straiki ya tatu (mtupo wa tatu uliohesabiwa dhidi yake kama mpigaji), mpira ukamponyoka mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji), wenzake wakampigia kelele akimbie, na wewe ukabaki unashangaa kwa nini hakutolewa.

Anzia hapa: straiki ya tatu peke yake haimalizi kazi. Mdakaji lazima aukamate mpira kabla haujagusa ardhi. Asipoukamata, mpigaji anaweza kukimbilia besi ya kwanza (kituo cha kwanza cha kukimbilia), na atatolewa tu akiguswa na mpira au ukimtangulia kwenye besi.

Kinachowachanganya wengi ni sharti lake: besi ya kwanza iwe wazi, yaani isiwe na mkimbiaji, au ziwe zimeshapatikana auti mbili (wachezaji wawili wa timu yake wametolewa). Kwangu mimi, hapo ndipo penye akili zaidi. Bila sharti hilo, mdakaji mjanja angeangusha mpira makusudi, wakimbiaji walio kwenye besi walazimike kusogea, naye avune auti mbili kwa mpigo. Auti zikishakuwa mbili, hila hiyo haina faida tena, kwani auti ya tatu humaliza zamu ya timu.

Na si jambo dogo. Mwaka 1941, mechi ya nne ya World Series (fainali ya besiboli ya Marekani), Brooklyn Dodgers waliwaongoza New York Yankees 4-3 wakibakiza straiki moja tu. Tommy Henrich wa Yankees akaikosa, mpira ukampita mdakaji wa Dodgers Mickey Owen, Henrich akafika besi ya kwanza. Yankees wakashinda 7-4.

Mfundishe mwanao akimbie papo hapo. Akitoka kwenye duara la udongo linalozunguka sehemu ya kupigia kuelekea benchi, ni auti. Ila baadhi ya ligi za watoto wadogo haziitumii kanuni hii, kwa hiyo muulize kocha au mwamuzi kabla ya mechi.