Wanafunzi wananielewa, mimi siwaelewi: Kigiriama na Kiswahili vina undugu gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Nimezaliwa na kulelewa Mombasa mjini, na Kiswahili ndiyo lugha yangu ya kwanza. Wanafunzi wangu karibu wote ni Wagiriama. Nikizungumza Kiswahili wananifuata bila taabu, lakini wakianza Kigiriama chao nanasa neno hapa na neno pale, kisha napotea. Mwalimu mwenzangu mmoja anasema Kigiriama ni Kiswahili kilichoharibika. Mwingine anasema lugha hizi hazihusiani, vinginevyo ningeelewa. Nani yuko sahihi? Kwa nini kuelewana kuwe kwa upande mmoja? Na je, kuna namna ya kulipima jambo hili?

JIBU: Mwalimu, wenzako wote wawili wamekosea, na wamekosea mahali pamoja. Wote wanadhani kuelewana ndiyo mizani ya undugu wa lugha. Sivyo. Lugha mbili zaweza kuwa za tumbo moja na wasemaji wake wasielewane, na watu waweza kuelewana vizuri kwa sababu tu wamezoeana sokoni. Nitaanza na undugu, maana huo hauna ubishi.

Kigiriama ni moja ya lugha za Wamijikenda, pamoja na Kidigo, Kiduruma, Kichonyi na nyinginezo. Kimijikenda, Kiswahili, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro huwekwa katika kundi moja dogo ndani ya lugha za Kibantu, linaloitwa Sabaki, kwa jina la ule mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Zote zimetoka katika lugha moja iliyosemwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo Kigiriama hakikutoka katika Kiswahili wala hakikuharibika. Zimeachana njiani, kila moja ikabadilika kivyake. Ukikuta orodha ya zamani ya lugha za Kibantu ya mwanaisimu Malcolm Guthrie inayokitia Kiswahili chini ya herufi G na Kimijikenda chini ya E, isikutatize. Herufi zake zilifuata sana ramani. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walipofuatilia sauti zenyewe, katika kazi yao ya mwaka 1993, undugu wa Sabaki ulionekana wazi.

Sauti hizo unazisikia kila siku darasani. Mtoto kwa Kigiriama ni muhoho, na watoto ni ahoho. Mara ya kwanza hilo halikwambii kitu. Sasa liweke neno lako chini ya lao: mtoto, muhoho. Kila penye t kwako, kwao pana h. Mti ni muhi. Moto ni moho. Kutenda ni kuhenda, kutumia ni kuhumira, na watoto watatu ni ahoho ahahu. Huu ndio ushahidi tunaoutafuta sisi wa isimu, na una uzito kuliko maneno yanayofanana sawasawa. Maneno yanayofanana sawasawa huenda yameazimwa juzi. Lakini sauti moja inapogeuka nyingine kwa mpango ule ule, neno baada ya neno, hilo haliletwi na kuazima wala na bahati.

Utaniuliza: mbona mtu ni mutu, si muhu? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niipende kazi hii. Zamani neno hilo lilikuwa na n kabla ya t, kama linavyosikika hadi leo kwa Mnyarwanda na Mzulu, umuntu. Ile n iliikinga t isigeuke, kisha yenyewe ikapotea, kwao na kwetu. Kwenye mti haikuwapo n, basi t ikabaki bila kinga. Na kitabu je? Kitabu kimetoka Kiarabu, kimefika baada ya mageuzi hayo kupita, ndiyo maana t yake iko salama. Kwa herufi moja tu unaweza kupanga maneno ya Kigiriama kwa umri: ya asili, ya asili yaliyokingwa, na yaliyokuja baadaye.

Nisije nikakufanya udhani kwamba ni wao tu waliobadilika. Kiswahili nacho kimetupa vyake. Sisi tunasema mvua, wao wanasema mvula. L tumeiangusha sisi. Ushahidi uko kinywani mwako mwenyewe: unasema kaa, lakini kalia, zaa, lakini zaliwa, fungua, lakini fungulia. Ile l iliyopotea mwishoni mwa kitenzi hurudi mara tu unapokinyambua. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "mvula" kwenye insha yake, ameandika umbo la zamani kuliko lako. Msahihishe, ndiyo, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu, ila usimwambie ameharibu neno.

Jaribu na hesabu pia. Mwombe mzee mmoja wa hapo akuhesabie hadi kumi kwa Kigiriama cha zamani, si mtoto wa shule ambaye huenda akachanganya na Kiswahili. Akifika sita atasema handahu, saba fungahe, tisa chenda. Hapo mtu wa mjini anakata tamaa kabisa. Lakini sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu. Kabla yake Waswahili walikuwa na tandatu, fungate na kenda. Tandatu na handahu ni ile ile t na h. Kenda bado unaikuta katika mashairi ya kale, na fungate hatukuiacha kabisa, kwani ndilo jina la zile siku saba za maharusi baada ya arusi. Wakomoro wamekwenda njia yao, na t ya zamani kwao mara nyingi imekuwa r: kwa watu wa kisiwa cha Maore (Mayotte) mti ni mwiri, moto ni moro, tatu ni traru, kenda ni shendra. K yetu nayo mara nyingi ni h kwao, hivi kwamba kazi ni hazi na mkono ni mhono. Sasa fikiria unasikiliza mtu anayesema kwa kasi ya kawaida, na kila neno la pili limevaa sauti usiyoitarajia. Hata kama maneno yote ni ya ukoo wako, sikio haliwahi.

Na sehemu kubwa ya kupotea kwako haitokani na majina ya vitu. Inatokana na vipande vidogo vinavyobeba sarufi. Kiambishi cha wengi kwako ni wa-, kwao ni a-, basi unaposikia atu au ahoho sikio lako la Kiswahili linadhani ni habari ya mtu mmoja. Ukanushi wetu ni ha-, wao wana ka-, na sisi ka hiyo tumeizoea kwenye masimulizi, akaja, akaketi. Mtoto anakataa, wewe unasikia anasimulia. Hayo ndiyo yanayoangusha watu kati ya lugha za jirani, kuliko msamiati mgumu.

Sasa upande mmoja. Wanafunzi wako hawakielewi Kiswahili kwa sababu ya undugu. Wanakielewa kwa sababu wamekisikia tangu wananyonya: redioni, dukani, kwenye matatu, kanisani au msikitini, na kwako wewe darasani. Wewe Kigiriama umekisikia wapi? Umelelewa mahali ambapo Mgiriama akiingia ndiye anayebadili lugha. Katika fani yetu tunatenganisha kuelewana kwa asili, kule kunakotokana na lugha zenyewe kufanana, na kuelewana kwa mazoea. Undugu unasaidia, maana Mgiriama atakishika Kiswahili upesi kuliko Mturkana, lakini bila mazoea hautoshi. Wewe mwenyewe ni ushahidi.

Kuna kesi, kwa nadra, ambapo upande mmoja unatokana na sauti zenyewe. Wadenmark huelewa Kiswidi vizuri zaidi kuliko Waswidi wanavyoelewa Kidenmark, na sababu moja ni kwamba Kidenmark kinapotamkwa humeza sauti nyingi ambazo Kiswidi kimezibakisha. Kwenu hapo sioni kitu cha namna hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawapendi kulitaja, nalo ni cheo. Mwaka 1959 mwanaisimu Hans Wolff aliandika juu ya Wanembe na Wakalabari wa delta ya mto Niger, huko Nigeria. Wanembe walisema lugha hizo mbili ni karibu kitu kimoja na wanaelewana. Wakalabari, waliokuwa na uwezo zaidi wa kiuchumi, walisema hapana, hatuwaelewi wale. Masikio ni yale yale, tofauti ni nani anayetaka kuonekana ndugu wa nani. Sikushutumu wewe, mwalimu. Ila yule mwenzako wa "Kiswahili kilichoharibika" ningemtazama kwa jicho hilo.

Cheo hicho hicho ndicho kinachoamua kipi kiitwe lugha na kipi lahaja. Mrundi na Mnyarwanda wanaongea kila mmoja kwa lugha yake na mazungumzo yanakwenda, na Muha wa Kigoma anaweza kuingia katika baraza lao. Hata hivyo Kirundi na Kinyarwanda ni lugha mbili, kila moja ina nchi yake na katiba inayoitaja. Upande wa pili, Kimvita chenu na Kiunguja huitwa lahaja, ingawa mtu wa Mvita husema mato badala ya macho. (Wagiriama wao ni matso, na hapo unaona ukoo mzima umesimama mstari mmoja.) Ukitaka jibu langu fupi: Kigiriama ni lugha, ndugu wa Kiswahili, na si lahaja yake.

Kupima kupo, na unaweza kufanya mwenyewe kwa simu yako. Utaratibu unaotumiwa sana ni wa hadithi iliyorekodiwa, ambao mwanaisimu Eugene Casad aliueleza kwa kirefu mwaka 1974 kutokana na uchunguzi wa lugha za Mexico. Tafuta mtu mzima anayesema Kigiriama chenye nguvu, umrekodi akisimulia kisa kilichompata, dakika mbili au tatu. Kiwe kisa chake mwenyewe, kisiwe ngano. Ngano inajulikana, na msikilizaji atajibu maswali ya Sungura na Fisi bila kuelewa sentensi hata moja. Tunga maswali kama kumi ambayo jibu lake limo ndani ya kisa na halikisiki kwa akili ya kawaida. "Walipotoka shamba walikuwa na njaa?" ni swali bovu. "Nani aliyemfungua mbuzi?" ni swali zuri.

Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, wape kwanza Wagiriama wenyewe. Swali ambalo mwenyeji analikosa si kipimo cha lugha, ni swali baya, litupe. Yaliyobaki ndiyo uwachezee Waswahili, mmoja mmoja, ukisimamisha sauti baada ya sehemu fupi na kuuliza swali kwa Kiswahili, ili asianguke kwa sababu hakuelewa swali lenyewe. Hesabu majibu sahihi.

Usiridhike na wastani. Tazama alama zilivyotawanyika. Ikiwa watu kumi wa Mombasa wote wanapata nne au tano kati ya kumi, hiyo yaelekea kuwa ndiyo nguvu ya lugha zenyewe, kwa kuwa kila Mswahili anaanza na mtaji ule ule. Lakini mmoja akipata mbili na mwingine tisa, hupimi lugha tena. Unapima nani ana shangazi Mariakani. Kwa hiyo kabla ya kumchezea mtu kisa, muulize amewahi kuishi wapi, ameoa au kuolewa wapi, na nyumbani kwao walipikiwa na nani alipokuwa mdogo. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na Mombasa lina uzito.

Upande wa pili wa jaribio, yaani Wagiriama wasikilize Kiswahili, Kaloleni hutaupata ukiwa safi. Mgiriama asiyewahi kusikia Kiswahili hayupo, na hata bibi wa miaka themanini atakuwa amekisikia redioni. Watoto wadogo sana ambao hawajaanza shule ndio walio karibu na hali hiyo, lakini mtoto wa miaka minne hajibu maswali kumi, atakuomba simu acheze. Basi upande huo uandike kama ulivyo, kuelewana kwa mazoea, bila kuulinganisha na ule mwingine kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa kazi yako ya darasani, ningeanza na hizi mbili tu: t na h, na wa- na a-. Zishike kwa wiki kadhaa ukiwasikiliza wakicheza uwanjani, maana darasani wanajibana mbele yako. Dz ije baadaye: maji ni madzi, mji ni mudzi, na ukienda Lamu utakuta mji huo huo ni mui.