Miti mia mbili shambani, mkaa jikoni

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, unatuhimiza kupanda miti, mbona nyuma yako kwenye picha kuna magunia mawili ya mkaa?" Niliumia. Siku mbili sikumjibu, maana ile mipaina mia mbili kule Rungwe nimeipanda kwa mikono yangu, mvua ikininyeshea.

Siku ya tatu nikakaa kuhesabu ninavyoharibu mazingira. Gari sina, na kujisifu kwamba napanda daladala kutoka Uyole hadi Mwanjelwa ni kama kujisifu kwamba sili nyama siku ambayo sina hela. Mzigo wangu ulikuwa jikoni. Tanuri la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya mkaa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikikata, kwa mikono ya watu wengine, msitu nisioujua hata ulipo.

Na mlaji mkubwa ni maharage. Wifi yangu wa Dar es Salaam hunicheka kwamba sijui kupika, yangu hayaivi. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Juu namna hii maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, kwa hiyo chakula huchelewa kuiva. Maharage yanakaa motoni saa tatu, na mkaa unateketea.

Sasa nayaloweka usiku. Asubuhi nayachemsha yatokote nusu saa, nafunika, kisha naiviringisha sufuria kwenye blanketi ndani ya tenga hadi mchana. Yakibaki magumu kidogo narudisha motoni. Gunia lililokuwa likiisha kwa wiki tatu sasa linavuka mwezi. Chai naichemshia kwenye gesi, ambayo nayo hutoka ardhini kama petroli, lakini haijakata mti. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034; mimi sikusubiri 2034.

Kwa hiyo lowekeni, jamani. Funikeni sufuria. Lowekeni! Na nyie mnaoingiza jiko la mkaa chumbani baridi ya Juni ikibana, acheni: ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na inaua watu usingizini.

Yule msomaji nimemtumia picha ya tenga na blanketi. Ameiona tangu Jumanne. Kimya.