Shoti Inatoka Ukutani, Chaji Inaishia Ndani

SWALI: Poleni na kazi, ndugu mafundi. Laptopu yangu ina bodi (ganda la nje) ya chuma. Nikiitumia huku naichaji inanitekenya viganjani, na nikiwa peku kwenye sakafu ya saruji inapiga kabisa. Betri nayo imeanza vituko: usiku nafunga mfuniko ikiwa na asilimia 90, asubuhi nakuta 60. Jirani anasema betri inavujisha umeme kwenye bodi, ndiyo maana chaji inaisha. Je, ni kweli?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Jirani kakosea. Betri ya laptopu nyingi ni ya volti 7 hadi 15, na ngozi kavu haihisi volti hizo. Una matatizo mawili yasiyojuana. Chomoa chaja kwenye laptopu, kisha gusa bodi ukiwa peku palepale. Mtekenyo ukikoma, chanzo ni umeme wa ukutani.

Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo, kazi yake kuzuia chaja isikwaruze redio na vifaa vingine. Kapasita ya nanofaradi 2.2 kwenye volti 230 na hezi 50 hupitisha kama miliampia 0.16. Mkondo huo hauui, ila ngozi laini huuhisi. Plagi ya pini tatu huupeleka kwenye ethi, yaani waya unaoishia kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Ethi ikikosekana, njia inayobaki ni wewe na sakafu yako.

Anza na ekstensheni, maana lawama nyingi huishia hapo. Ichomoe ukutani, fungua plagi yake, hesabu nyaya. Ukikuta mbili tu, kahawia na bluu, bila ule wa njano na kijani, basi tundu la tatu ni pambo. Zikiwa tatu, weka mita ya fundi (multimeta) kwenye omu: ncha moja kwenye pini kubwa ya plagi, nyingine kwenye tundu la ethi la ekstensheni. Isome chini ya omu 1. Na ile tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, iacheni. Mnafungua kilango cha usalama na bado ethi hampati.

Ekstensheni ikiwa nzima, chomeka chaja moja kwa moja kwenye soketi. Ikiendelea kutekenya, mwite fundi apime soketi: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) volti 230 hivi, laivu na ethi karibu hivyohivyo, nyutro na ethi volti chache tu. Lakini mita ya dijitali hudanganyika, husoma volti hata kwenye waya wa ethi uliooza, kwa hiyo fundi aje na kipimo maalumu cha ethi. Dodoma jambo hili lina uzito wake. Mvua zikishakatika mwezi wa Aprili au Mei, udongo unakauka miezi mingi, na fimbo fupi ya ethi iliyofanya kazi vizuri Februari inaweza kuwa haifai kitu Oktoba. Kumwagia maji husaidia kwa siku chache. Dawa ni kuishindilia chini zaidi hadi kwenye unyevu, au kuongeza fimbo ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, na kuziunga kwa waya wa shaba.

Fundi akikwambia aunge ethi na nyutro ndani ya soketi, kataa. Nyutro ikikatika siku moja, bodi ya kila kifaa cha chuma kilichochomekwa hapo itakuwa laivu.

Ethi ikishathibitika na bado unatekenywa, au shoti ikiwa ya kuumiza na kurusha mkono, acha kutumia chaja hiyo leo. Chaja za kughushi mara nyingi huwa na nafasi finyu kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo.

Tuje kwenye betri. Kufunga mfuniko si kuzima. Laptopu nyingi za Windows za siku hizi zikilala huendelea kushika Wi-Fi na kupokea barua pepe. Fungua Command Prompt, andika powercfg /a. Ukiona S0 Low Power Idle kwenye orodha ya juu, ile ya hali zinazopatikana, umempata mwizi. Kwenye mipangilio ya umeme, badilisha kazi ya kufunga mfuniko iwe Hibernate, yaani mashine ihifadhi kazi yako kisha ijizime. Kisha izime kabisa usiku mmoja. Ikipungua asilimia 1 au 2, betri haina kosa. Ikipungua sana, angalia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) kama tundu la USB limeachwa litoe chaji hata mashine ikiwa imezimwa. Mwisho andika powercfg /batteryreport, fungua faili itakayotajwa, ulinganishe DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake sasa). Mfano, 50,000 ikishuka hadi 28,000 ni asilimia 56. Hiyo sisi tungeibadilisha. Na kama padi ya kugusa imeinuka, betri imevimba: usiichaji tena, usiitoboe.

SWALI: Simu yangu nikiwa Dodoma mjini inamaliza siku nzima. Nikienda kijijini Kondoa, mchana haifiki, na sijaigusa. Betri imekufa?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Betri iliyokufa ingekufa na mjini. Mnara ukiwa mbali, simu hupandisha nguvu ya kurusha mawimbi na kutafuta mtandao kila mara. Kama unahitaji kupiga na kupokea tu, toa 4G na uchague 2G, kama mnara wa hapo unayo. Usiku weka hali ya ndege.