Rafiki asiyeongea, usimuache akupite

Mimi ni muongeaji, nasema mapema ili anaenijua asije akanicheka. Kijiweni kwetu Ngamiani, barabara ya 12, nikichelewa watu wanauliza leo redio kaizima nani. Sasa mtu kama mimi ndo nakuja kuwashauri kuhusu watu wakimya, basi nivumilieni.

Rafiki yangu huyu ntamuita Fundi, kwasababu ni fundi baiskeli, na Tanga hii ukijua baiskeli hulali njaa. Siku ya kwanza kuja kijiweni alisalimia wote, wazee akawapa shikamoo zao, akakaa mwisho wa benchi, akanywa kahawa vikombe viwili na kashata moja, akaaga akaondoka. Kesho yake vile vile. Wiki ya pili maneno yashaanza, mara anajisikia, mara katumwa kutuchunguza, mzee mmoja akasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, kaeni nae kwa akili. Mimi nikacheka na wenzangu, sikumtetea.

Kilichonigeuza ni machungwa. Kuna dalali alikuja kijiweni na dili, tuchukue mzigo Muheza tuupeleke Mombasa, mnunuzi yupo tayari, faida nje nje, yani jamaa anaongea mpaka kahawa inapoa na mimi ndo nilikuwa wa kwanza kuitikia maana waongeaji tunapendana. Fundi kakaa tu pale mwisho. Tunarudi nyumbani, yeye anakokota baiskeli, mi naongea peke yangu, tumefika karibu na kwetu ndo akasema, "Mbona hajasema lolote kuhusu vibali vya pale Horohoro?" Basi, hiyo tu. Nikamwambia we fundi pancha biashara utaijulia wapi. Kichwani nikamuona ana wivu.

Mzigo ukakwama mpakani siku tatu kwa joto lile, makaratasi hayajakamilika, dalali simu haipatikani. Milioni moja na laki nne yangu, 1,400,000, ikaanza kuoza mbele ya macho yangu. Tukageuza gari. Kijiwe kizima walinipa pole, tena pole ndefu zenye mawaidha, na kila mmoja alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba yule dalali ni tapeli, eti.

Fundi akaja usiku uani kwetu na tochi ya simu. Hakusema pole. Akakunja suruali, akakaa juu ya ndoo, akaanza kuchambua, anachukua chungwa moja moja, analigeuza, analibonyeza kidogo pale kwenye kikonyo kwa kidole gumba, analinusa, zima kushoto, bovu kulia. Tulifanya hivyo mpaka saa saba usiku, nadhani tuliongea maneno kumi. Asubuhi akaja mama mmoja anaetengeneza juisi akachukua yote mazima, kumbe Fundi alishamtafuta. Sikurudisha hela yote ila nilirudisha kitu. Na mpaka leo hajawahi kuniambia "nilikwambia". Mimi ningesema kila wiki wallahi.

Hili neno introvati vijana wanaloandika kwenye stetasi, lilienea kutokana na daktari wa Uswisi, Carl Jung, kwenye kitabu chake cha mwaka 1921. Maana yake sio mtu mwenye aibu. Mwenye aibu anataka kuongea ila anaogopa, huyu mwingine umakini wake umeelekea ndani, na kelele za watu wengi zinamchosha hata kama anawapenda. Fundi haogopi mtu, nimemuona akimkatalia mteja mkorofi uso kwa uso. Anachoka tu.

Kwaiyo ukimpata wa hivi, jambo kubwa ni usimlazimishe achangamke. Mimi nililikosea hili vibaya, nilimpeleka kwenye harusi ya binamu yangu nikampokonya MC maiki nikamuita mbele aseme neno. Alisimama pale akatabasamu, akasema "Mungu awabariki", akarudisha maiki, na mwezi mzima sikumuona kijiweni. Nilidhani kanuna. Kumbe alikuwa ananikwepa mimi, sio watu, maana hajui ntamfanyia nini tena. Nikaenda kumuomba radhi kule kwenye banda lake, akanipa spana nimshikie gurudumu, nikajua yameisha.

Usimpigie simu ghafla, andika meseji. Grupu la WhatsApp msahau, mtumie pembeni. Na mtafutieni kitu cha kufanya, msikae mkitazamana kama mnafanyiwa intavyuu. Sisi jumapili tunapanda baiskeli mpaka Raskazone, tunanunua mihogo na chatne, tunaangalia maji yakikupwa. Mwanzoni ule ukimya ulikuwa unaniwasha kweli, nikawa naujaza na mpira, mara Coastal Union mara nini. Siku moja nikajikaza nikanyamaza na mimi, ilipita kama nusu saa, ndo akaniambia mama yake anaumwa tangu mwezi uliopita. Mwezi mzima! Sikumpa nafasi hata ya kupenyeza neno.

Ila ukimya nao una aina zake, ujue wa kawaida wa rafiki yako ukoje. Fundi akinyamaza huku anakula, yuko sawa. Akinyamaza na mihogo inapoa, hapo namuuliza, mara moja tu, alafu nasubiri.

Mama yangu ndo alimuelewa kabla yetu wote. Jamaa akifika ni "Shikamoo mama", "Marahaba mwanangu", anawekewa chai, wanakaa wote kimya jikoni na mimi naonekana ndo mgeni.

Juzi kanitumia meseji, neno moja: "Machungwa?" Msimu umefika. Nikamjibu "Vibali kwanza." Akarudisha kidole gumba.