Testi au mwalimu? Tathmini ya mwaka kwa watoto wanaosomea nyumbani

SWALI: Asalaam aleikum dada. Kwetu ni Mombasa ila sa hivi tunaishi Kent, jimbo la Washington huku Marekani. Tangu Septemba nimewatoa wanangu wawili skuli nawasomesha mwenyewe nyumbani, mkubwa ana miaka 12 na mdogo 9. Nimeambiwa kila mwaka lazima wapimwe, ama wafanye testi ama mwalimu awaangalie. Nichague ipi? Huyu mdogo Kiingereza cha kuongea hana shida ila kusoma bado anababaika, na naogopa akifeli nitakatazwa kumsomesha. – Mama wawili, Kent

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Tuanze na hiyo hofu, manake naona ndo inayokusumbua zaidi. Kwa sheria ya Washington maadamu anasomea nyumbani matokeo hayapelekwi popote, unakaa nayo wewe mwenyewe kwenye faili lako. Kinachokwenda wilayani, yaani ofisi ya wilaya ya shule za mtaa wako, ni ile fomu ya kutangaza kwamba unasomesha nyumbani, kila mwaka kufikia Septemba 15. Na ikionekana mtoto hajasonga mbele vizuri, sheria inakutaka mzazi ufanye juhudi ya kweli kurekebisha pale palipolegea. Sisi tuliokulia na KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, mtihani mmoja tu na maisha yako yote yanaamuliwa pale, tumeubeba ule woga mpaka huku, na watoto wanauona usoni mwetu.

Huyo wa miaka 9 mpeleke kwa mwalimu, sina wasiwasi kabisa na hilo. Testi imeandikwa Kiingereza mpaka hesabu zake, unakuta swali moja la kugawanya maembe lina mistari minne, mtoto kugawanya anajua vizuri sana ila hakuelewa ameulizwa nini, basi anakosa na wewe unaambiwa hesabu hajui. Mwalimu atakaa naye, atamsikiliza akisoma, atapekua madaftari, halafu ataandika tathmini yake. Ila awe na cheti cha ualimu na awe anafanya kazi ya elimu sa hivi, kwa hiyo shangazi aliyestaafu hata kama alifundisha miaka 30 hafai kwa hili.

Anza leo kumwekea kazi zake. Chukua karatasi moja aliyoandika Septemba, nyingine Januari, nyingine Mei, zote na tarehe, na umrekodi kwenye simu akisoma ukurasa uleule wa kitabu kilekile mwanzo wa mwaka na mwisho, hapo mwalimu atasikia mwenyewe tofauti. Usipeleke hesabu na Kiingereza peke yake, masomo yanayotakiwa ni 11 na ndani yake kuna afya, historia, elimu ya kazi, hata sanaa na muziki.

Mkubwa mimi ningempa testi, hasa kama unafikiria kumrudisha skuli akifika sekondari, manake siku hiyo rekodi zake zitaangaliwa, wilaya inaweza kumpa testi yake, na wilaya ndo itakayoamua anaingia darasa la ngapi. Bora awe ameshazoea. Testi iitwayo Iowa ni moja ya zinazotumika sana ila kila sehemu yake ina muda wake, sasa kama ni mtoto wa kupaniki akiona saa, uliza testi isiyo na muda. Lazima iwe imekubaliwa na jimbo na isimamiwe na mtu mwenye sifa za kuisimamia.

Matokeo yakija usishtuke ukiona 45. Hiyo ni pasentaili, yaani kwenye kila watoto 100 wa darasa kama lake waliofanya testi hiyo yeye kawapita kama 45, ni mtoto wa katikati kabisa. Wazazi wengi wanaisoma kama alama 45 kwa 100 na mtoto wa watu anagombezwa bure.

Mwakani ukitaka unabadilisha, hakuna anayekufunga. Mwalimu mtafute kabla ya Mei maana mwisho wa mwaka wanajaa, muulize bei mapema, na muulize kama ameshawahi kumpima mtoto wa lugha mbili. Akisita kwenye hilo la mwisho, tafuta mwingine.