Kuchujwa timu ya mahakama ya mfano ya kodi: nianzie wapi?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Niko mwaka wa pili wa sheria. Chuo chetu kinachuja timu ya mahakama ya mfano, yaani mashindano ya wanafunzi kutetea kesi ya kubuni, ya masuala ya kodi. Kisa tulichopewa kinahusu kampuni ya hapa nchini iliyowalipa washauri walio nje ya nchi Sh200 milioni bila kukata kodi ya zuio, ile ambayo anayelipa huikata kwenye malipo na kuiwasilisha serikalini. Kila mmoja atapewa dakika kumi mbele ya majaji. Somo la kodi bado sijalifikia, na zimebaki wiki mbili. Nizitumieje?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, jitokeze. Anayechuja timu hatafuti mtaalamu wa kodi. Anatafuta mtu anayesoma kifungu neno kwa neno, na akiulizwa swali analijibu hilo hilo aliloulizwa.

Siku tatu za mwanzo usiandike hoja yoyote. Soma kisa huku ukipanga tarehe: malipo, makadirio ya Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA), pingamizi, uamuzi, rufani. Kesi nyingi za kodi hufia kwenye tarehe. Pingamizi lina siku 30, na mlipakodi hutakiwa kwanza kulipa kodi asiyoibishia au theluthi ya iliyokadiriwa, iliyo kubwa kati ya hizo, labda Kamishna apunguze au asamehe. Piga hesabu ya kisa chako: zuio la asilimia 15 kwa Sh200 milioni ni Sh30 milioni; kama zote zinabishaniwa, theluthi ni Sh10 milioni. Jaji akikuuliza, usianze kupekua karatasi.

Kisha tazama umesimama wapi. Shauri huanzia Bodi ya Rufani za Kodi, likaenda Baraza la Rufani za Kodi, halafu Mahakama ya Rufani, na huko juu husikilizwa masuala ya sheria tu. Ukianza kubishania ankara mbele ya Mahakama ya Rufani, utakatizwa. Ukumbuke pia kwamba mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio si sahihi uko kwa mlipakodi.

Kiini cha kisa chenu ni neno moja. Huduma "imetolewa" wapi: pale mshauri alipoifanyia kazi, au pale mteja alipoipokea na kuitumia? Isome yote kesi ya Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA, ya mwaka 2018. Mahakama ya Rufani ilisema huduma iliyofanyiwa kazi nje ikatumika hapa, chanzo cha malipo yake ni Tanzania, hivyo zuio lilipaswa kukatwa. Ukiwa upande wa kampuni, usiifiche, majaji wanaijua. Itofautishe kwa ushahidi ulio kwenye kisa, mathalani kama taarifa ya washauri ilitumika kwenye tawi la nje.

Kosa tunalolichukia zaidi ni kulalamika kuwa kodi inaonea. Tangu kesi ya Kiingereza ya Cape Brandy Syndicate, mwaka 1921, mawakili wa kodi wanajua kwamba hutazamwa kilichosemwa wazi na sheria, si huruma. Kwa hiyo shika maneno ya kifungu, katika toleo la sheria linalotumika kwa mwaka wa mapato husika.

Andaa maneno ya dakika saba tu, kwa sababu maswali yatakula tatu. Dakika ya kwanza jitambulishe na utaje hoja zako, zisizidi mbili. Anza na iliyo nzito, maana ya pili huenda usiifikie. Ukiulizwa, tamka kwanza "ndiyo" au "hapana", ndipo utoe sababu. Dakika ya mwisho ni ya maombi: taja makadirio unayotaka yafutwe na kiasi chake.

Kariri mpangilio, usikariri hotuba. Aliyekariri hotuba akikatizwa katikati ya sentensi hurudi mwanzo, na muda unamwishia. Mwombe mwenzako akukatize kila baada ya sekunde 40, kwa lugha ile ile mtakayotumia siku yenyewe. Andaa na upande wa Kamishna pia, kwani wapo wachujaji wanaokugeuzia upande ukiwa umeshasimama.